Chupa Mbili

Kwetu tunasema chupa, hata ukiwa mfuko.
"Ameongezwa chupa ngapi?" mama aliuliza simuni, kutoka Kyela,
nami niko ghorofa ya juu, hospitali ya Hull,
mvua ya Novemba ikipiga kioo ubavuni.
Moja imeingia, nikamjibu. Ya pili inasubiriwa.

Ipyana ana miaka sita.
Damu yake ilizaliwa hapa, barabara ya Anlaby,
haikuwahi kusalimiana na mbu.
Tulikwenda kumzika bibi yake, neti ikabaki sandukuni,
na mimi, niliyeumwa malaria kama wengine wanavyoumwa na baridi,
nikajiambia: hii ni homa ya nyumbani,
inajua kubisha hodi, inajua kuaga.

Tulirudi. Siku ya tisa akalala kabla ya katuni.
Daktari wa mtaa, kwa simu: mafua, shule nzima wanayo,
maji mengi na panadoli.
Siku ya kumi na mbili mkojo ukawa chai ya rangi.
Nikageuza kiganja chake kwenye taa.
Kweupe.
Kwetu hatukuwa na mashine, tulikuwa na viganja.

Damu nne, walisema, badala ya kumi na moja na ushee.
Dakta Hargreave, kijana, hakuficha:
malaria kali aliisoma tu kitabuni.
Nikampenda kwa hilo.
Saa nane usiku akapiga simu Liverpool, kwa wanaojua,
akauliza kama sindano itangulie, damu ingoje kwanza.
Sikusikia alichojibiwa.
Nilimwona akitazama mbavu za mwanangu
zinavyopanda na kushuka, zinavyopanda,
kisha akasema: tunaongeza.

Wauguzi wawili walisoma namba za mfuko,
mmoja anatamka, mwingine anaitikia, kama rozari.
"Jina?"
Maureen akasoma: Aipiyana.
Nikamsahihisha. Nikaona haya. Nikamsahihisha tena,
maana kama namba ni lazima iwe sawa,
na jina je?

Mwaka wa mafuriko, dada yangu Tumpe
alisimama mlangoni pa wodi, mkono wa gauni umekunjwa hadi begani.
Kundi lake halikulingana na la mtoto.
La shemeji lingelingana,
lakini shemeji alikuwa Tunduma.
Tunduma ni saa nne kwa basi.
Mtoto hakuwa na saa nne.

Hapa hakuna aliyeniuliza shemeji yuko wapi.
Mlango wa friji ulifunguliwa, ukafungwa.

Midomo ilirudi kwanza.
Halafu sauti, ikidai tosti,
na isiwe na kingo.

Dawa ya deni ni kulipa, tunasema.
Machi nikaenda ukumbi ule wa kanisa wanapotolea damu,
mishipa yangu nimeinywesha maji tangu alfajiri.
Mzee wa karatasi akaniuliza: umewahi kuugua malaria?
Nikacheka.
Mara ngapi?
Bwana, wewe umenyeshewa mara ngapi?
Akaandika kitu. Akasema kwa upole: si leo, mama,
vipimo kwanza, tutakuandikia.
Na mwanangu, akikua?
Aliyeongezwa haruhusiwi kutoa.
Akanisogezea chai na biskuti hata hivyo.
Nilikataa. Halafu nilikula, zote mbili.

Hatuna methali ya mtu aliyekwenda kulipa
akaambiwa arudi.

Maureen aliniambia, mtoaji hutumiwa ujumbe:
damu yako imekwenda hospitali fulani.
Basi usiku ule wa Novemba,
mahali fulani, kwenye foleni ya chipsi,
simu ilitetema.
Mtu akasoma: Hull.
Hakumjua mtu Hull.
Akairudisha mfukoni,
akaomba aongezewe siki.